Kaka, Yuko Aliyetangulia: Major Taylor wa Worcester

Jamani, habari za huko nyumbani? Msicheke ninavyohema. Pale chini nilianza nikiwa nimekaa juu ya kiti kama mwanamume, sasa hivi naikokota baiskeli kama mzee anayetoa mkaa porini. Hapa ni Worcester, jimbo la Massachusetts, na barabara hii ni George Street. Ngoja niwageuzie kamera... mnaona? Urefu wake kama mita 150 tu, lakini imesimama kama mnazi.

Video hii ni ya kaka yangu aliyeko Shinyanga. Mwaka 2024, Biniam Girmay wa Eritrea aliposhinda hatua tatu za Tour de France, kaka alinipigia usiku huo huo: "Mdogo wangu, hatimaye mweusi ametamba kwenye baiskeli!" Nikamwambia kaka, shangilia, ila yuko aliyetangulia, na alikuwa anafanyia mazoezi kwenye mlima ninaoupita nikienda kazini.

Marshall Taylor alizaliwa Indianapolis mwaka 1878. Baba yake alikuwa mwendesha magari ya farasi wa familia moja tajiri ya Wazungu, na baiskeli ya kwanza mtoto aliipata kwenye nyumba hiyo. Baadaye duka moja la baiskeli likamwajiri acheze michezo ya baiskeli mlangoni kuvuta wateja, amevaa sare ya kijeshi. Ndiyo hapo jina la Major lilipoanzia. Jeshini hakukanyaga!

Sasa kijana akawa na mbio kuliko wenye uwanja, nao wakamfungia viwanja vya Indianapolis. Mwaka 1895 akahamia huku Worcester na bosi wake, Louis Munger. Miaka minne baadaye, mwaka 1899, akiwa na miaka 20, akawa bingwa wa dunia wa mbio za maili moja kule Montreal.

Lakini huo ubingwa, jamani, ulikuwa na gharama. Wapinzani walikuwa wanamziba njia makusudi, wanamsukumia ukutani. Septemba 1897, mjini Taunton, si mbali sana na hapa, mbio zilipokwisha mwenzake mmoja, William Becker, alimvuta kutoka kwenye baiskeli akamkaba koo mpaka akazimia. Adhabu yake? Faini ya dola 50. Nikiisoma habari hii nilisimama, nikanywa maji, ndipo nikaendelea.

Na alikuwa mlokole wa kweli. Ufaransa walimtaka mapema kwa pesa nyingi, akakataa, kwa sababu huko mbio kubwa zilikuwa Jumapili. Wakabembelezana mpaka wakakubali kumpangia siku nyingine. (Mwisho mwisho, miguu ilipoanza kuchoka, alikimbia Jumapili pia. Simlaumu.) Mei 1901, Paris, bingwa wao Edmond Jacquelin alimshinda mara ya kwanza, tena akamkejeli mbele ya watu. Siku 11 baadaye wakarudiana. Taylor akamwacha nyuma, akachomoa kibendera cha Marekani akakipeperusha uwanja mzima. Bendera ya nchi ambayo hoteli zake nyingi zilikuwa hazimpi chumba! Mimi hapo ndipo ninapomshangaa.

Hata mji huu haukumpokea kwa vigelegele. Aliponunua nyumba Hobson Avenue, majirani walitaka aondoke. Akakaa, akaishi pale miaka karibu 25.

Alistaafu mwaka 1910. Biashara zikamwendea mrama, ndoa ikavunjika, akaandika kitabu cha maisha yake akakichapisha kwa pesa yake, akawa anakiuza nyumba kwa nyumba. Alifariki Chicago mwaka 1932, wodi ya maskini, miaka 53, akazikwa kwenye makaburi ya wasio na mtu. Mwaka 1948 ndipo waendesha baiskeli wa zamani walipomhamishia kaburi la heshima, na gharama akalipa mwenye kiwanda cha baiskeli, Frank Schwinn. Leo Indianapolis ina uwanja wa baiskeli wenye jina lake, ule mji uliomfungia. Na hapa Worcester sanamu yake iko nje ya maktaba, tangu 2008.

Haya, nimefika juu. Kaka, nimetumia dakika sita na nusu, tena nikikokota. Acha nivute pumzi kidogo, zamu yangu inaanza saa moja.