Seli za Kinga Huamshwaje?

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Kwa watu wa Bagamoyo habari ya chanjo si ngeni. Watoto wa hapa, na wenzao wa Korogwe kule Tanga, walishiriki majaribio ya RTS,S, chanjo ya malaria iliyokuja kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Ndani yake mna vipande vya protini ya kimelea vilivyopachikwa juu ya chembe ndogo mno. Nauliza: vipande hivyo viwe vingapi, na viachane kiasi gani, ndipo mwili ushtuke?

Seli B, zinazotoa kingamwili (protini zinazonasa wavamizi wa mwili), zimejaa vipokezi kwenye utando wake. Kipokezi kimoja kikinasa kipande kimoja, mara nyingi hakuna linalotokea. Vikinasa kadhaa kwa pamoja, ishara hupita na kalsiamu hupanda ndani ya seli. Mtafiti akiwa ametia rangi inayoitikia kalsiamu, huiona seli iking'aa palepale chini ya hadubini. Kwangu mimi hakuna kinachosisimua zaidi maabara.

Ugumu ulikuwa kupanga vipande tunavyotaka. Hapo DNA ikaingia, ile molekuli inayobeba maagizo ya urithi kwa viungo tunavyoviita herufi, safari hii kama malighafi ya ujenzi. Mwaka 2006 Paul Rothemund, Marekani, alichukua uzi mmoja wa DNA ya virusi wenye herufi zaidi ya 7,000, akauchanganya na nyuzi fupi zaidi ya 200, akapasha moto, akaacha upoe. Mama zetu wanaoshona mikeka wanaijua kazi hii: ukili mmoja mrefu hulazwa ubavu kwa ubavu, ukashonwa hadi ukapata umbo. Kila uzi mfupi una mahali pake maalumu. Ukiufunga kipande cha protini, unajua kitakaa wapi, kwa kipimo cha nanomita, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita.

Mwaka 2020 kundi la Mark Bathe na Darrell Irvine wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, lilipanga hivyo protini ya HIV, likaipeleka kwa seli B za maabara. Vipande 5 tu viliziamsha kwa nguvu, na mwitikio uliongezeka kadiri vilivyoachana, hadi nanomita 25 au 30. Kwa hiyo kurundika vipande vingi si lazima, na hilo ni jambo kubwa kwa mtengeneza chanjo.

Natamani mno protini ya malaria nayo ipimwe hivyo, tena na vijana wetu. Taasisi ya Afya Ifakara ina tawi hapahapa Bagamoyo, na wanafunzi wa baiolojia mmekaa mbele yangu. Haya, maswali.