Kutoa stempu ya kipepeo kwenye bahasha bila kuacha bawa nyuma

Jambo kwenu. Leo niko nyumbani Bukavu na mvua inanyesha, kwa hiyo mkisikia bati linapiga kelele mnivumilie. Mezani nina beseni la plastiki, kibano, kitambaa cheupe cha pamba na bahasha nane za zamani. Hapa kwetu stempu tunaziita tembre. Nitasema stempu ili na wenzetu wa Kenya na Tanzania twende nao pamoja.

Bahasha nazipata wapi? Si posta. Barua za karatasi zimebaki chache, simu imezimaliza. Waendeeni wazee. Hizi zilikuwa chini ya kitanda cha shangazi yangu, ambaye mumewe alifanya kazi Dar es Salaam. Hapo nilibahatika kweli, maana mwaka 1973 Tanzania ilitoa stempu za matumizi ya kila siku zikiwa zote za vipepeo. Kenya nayo ikafanya hivyo mwaka 1988. Mwenye ndugu upande ule aanzie kwao. Ila ombeni kwa adabu, na barua yenyewe msiisome. Mmepewa stempu tu.

Kabla ya mkasi, tazameni muhuri. Ukiwa unasomeka vizuri, mji na tarehe vyote vipo, acheni bahasha nzima kama ilivyo. Hii hapa siikati. Hizi nyingine muhuri umefifia, basi nakata kuizunguka stempu, naacha karatasi ya upana wa kidole. Mkikaribia mno mtakata meno, yaani vile vijino vya ukingoni, na stempu isiyo na meno kamili thamani yake inashuka.

Sasa maji. Yawe vuguvugu, ya kuogeshea mtoto, si ya chai. Naviweka vipande picha ikitazama juu. Bahasha ya rangi, hasa nyekundu au ile ya kaki, ipeni bakuli lake peke yake, kwani rangi ikitoka inaingia kwenye stempu zote. Kisha subirini dakika kumi na tano hadi ishirini. Hapa ndipo watu wengi wanaharibu, na mimi nilikuwa wa kwanza wao: nilivuta baada ya dakika tano, kipepeo akaja na bawa moja, la pili likabaki kwenye karatasi. Msivute. Gundi ikishalegea, stempu inateleza yenyewe. Tazameni... hii imeachia. Naisuuza kwenye maji mengine safi, nikipitisha kidole mgongoni mpaka ule utelezi uishe. Utelezi ukibaki, itaganda kwenye albamu.

Stempu mpya za kubandika kama stika mara nyingi hazitoki kwa maji. Hizo kateni na karatasi yake, mziweke hivyo. Na stempu ambayo haijatumika isiguse maji kabisa. Gundi yake ya nyuma ni sehemu ya thamani.

Nazilaza kwenye kitambaa, picha chini. Jua hapana, linapausha rangi. Zikikaribia kukauka zinajikunja kidogo, msishtuke: naziweka katikati ya karatasi nyeupe ndani ya kitabu kizito hadi kesho. Nilizoziweka jana ni hizi, zimenyooka. Kuanzia hapa nashika kwa kibano, kwani vidole vina mafuta.

Mkiamua kununua, geuzeni stempu kwanza. Muhuri ukiwa umekaa pembeni vizuri mno, robo duara safi, na nyuma gundi ipo yote, hiyo haijawahi kusafiri na barua. Ilipigwa muhuri ili iuzwe kwa wakusanyaji. Si haramu, lakini msiilipie kama iliyotumika kweli. Mbaya zaidi ni karatasi za vipepeo zinazochapwa kwa jina la nchi bila posta yake kujua. Nchi yetu, Kongo, nayo imechapiwa. Umoja wa Posta Duniani una orodha ya namba za stempu halali zilizotolewa tangu mwaka 2002, ipo kwenye intaneti. Angalieni huko kabla ya kutoa pesa.

Kupanga, wengi hupanga kwa nchi. Mimi napanga kwa kipepeo, jina la kisayansi likiwa limechapwa, na kwa nchi ndani yake. Jina la nchi linasaidia kujua umri: ukiona Zaïre, jina la zamani la Kongo, ni kati ya 1971 na 1997. Chungulieni pia papasi za mdudu, zile nyuzi mbili za kichwani. Za kipepeo zina kifundo nchani. Zikiwa kama unyoya, huyo ni nondo, hata kama aliyekuuzia anaapa. Wangu wa kuanzia ni Papilio demodocus, yule mweusi mwenye madoa ya njano anayetaga kwenye ndimu. Viwavi wake wadogo wanafanana na kinyesi cha ndege, na kila mwaka wanakula mti wangu.

Albamu isimamisheni, msiilaze, wala isiegemee ukuta wa upande wa ziwa. Unyevu wa Kivu ukiingia, madoa ya kutu yanaota kwenye karatasi na hayatoki. Ifungueni ipate hewa siku kavu.

Hii ya mwisho imekatika meno mawili. Nayo naipanga, ni ya shangazi. Aksanti.