Mapezi ya Mashine: Hamisha Mzigo Kwanza, Pima, Halafu Ndo Utoboe

Asalaam alaikum jamaa zangu. Ahsanteni kwa kuja. Najua wengi mmekuja kwa sababu mmesikia leo naongelea mapezi, yale mabawa meusi ya plastiki yanayofungwa kwenye mashine juu ya propela, na mnataka niwaambie mnunue aina gani. Siwaambii bado. Naanza na boti zenu, mana asubuhi nimepita pale pwani nikaangalia pini za mashine, zile zinazoamua mashine iegemee ndani au nje, zimekaa tundu gani, nikaangalia madumu ya mafuta yamewekwa wapi, na sikupenda nilichokiona.

Tuanze na shida yenyewe. Mnatoka hapa Kizimkazi alfajiri na wageni kwenda kutafuta pomboo. Nahodha yuko tezi, yaani nyuma ya boti, kashika mkono wa mashine, anafungua moto, omo, yaani mbele ya boti, inapaa juu na yeye haoni tena mbele. Anaona migongo ya wageni na kipande cha mbingu. Na mbele yake kuna nini? Kuna boti nyingine zimesimama, wageni wako majini na miwani zao, kichwa cha mtu anayeogelea kinavyoonekana kidogo baharini nyie mnajua, kuna mvuvi na ngalawa yake, kuna nyavu, na hao pomboo wenyewe wanapumulia juu ya maji hapo hapo. Sasa nahodha anafanyaje? Anasimama, mkono mmoja umeshika mashine mwingine umeshika hewa. Nshasema mara nyingi na nitasema tena, boti inayokimbia omo juu ni boti inayoendeshwa na kipofu, na eneo hili la ghuba ya Menai ni hifadhi tangu 1997, si uwanja wa kukimbizana.

Kwa nini omo inapaa? Boti hizi za faiba zimetengenezwa ili zikishapata spidi zipande juu ya maji ziteleze. Ukienda polepole boti imelala kwenye maji, iko sawa, unaona. Ukiwa na spidi ya kutosha imeshapanda, imelala tena sawa, unaona. Tatizo liko katikati, pale boti inapojaribu kupanda wimbi lake yenyewe, tezi imezama, omo iko juu, mafuta yanakwenda, wimbi la nyuma linamrusha mwenye ngalawa, na spidi yenyewe haipo. Na wengi wenu hapo katikati ndo mnapoishi! Kutoka hapa mpaka kule na kurudi, mashine inalia na boti haijapanda.

Mapezi yanasaidia hapo, na sikatai. Maji yanayopita juu na chini ya yale mabawa yananyanyua tezi, tezi ikinyanyuka omo inashuka, boti inapanda mapema na inaweza kubaki imepanda hata ukipunguza moto kidogo, na ukikata kona propela hainyonyi hewa kirahisi. Kwa boti yenye mashine ndogo na abiria wengi hiyo ni faida ya kweli. Lakini swali langu ni lile lile la kila siku. Tezi yako imezama kwa sababu gani?

Kuna kijana wa upande wa mashariki aliniletea boti, faiba nzuri, mashine ya nguvu za farasi 40. Boti ilikuwa inaruka ruka, omo juu omo chini, juu chini, hata bahari ikiwa shwari kabisa. Alipoambiwa dawa ni mapezi akanunua, fundi akamtobolea, wakaenda kujaribu. Kuruka kumepungua, ndiyo, lakini mashine imekuwa nzito mkononi na ikifika spidi inamwaga maji pembeni na haikimbii kama zamani. Nikamwambia bwana, nifungulie hiyo tezi yako nione. Subhanallah. Madumu ya petroli yamepangwa nyuma yote, nanga na mnyororo wake nyuma, sanduku la barafu na soda za wageni nyuma, betri nyuma, na msaidizi wake naye anapenda kukaa nyuma kwa sababu ndo wanapopiga stori na nahodha. Pini ya mashine iko tundu la nje kabisa. Dumu la lita 20 la petroli ni kama kilo 15, ukiweka manne ni kilo 60, ni mtu mzima wa ziada umemkalisha mahali pabaya kuliko pote kwenye boti. Ongeza na hili, zamani mlikuwa na mashine za kuchanganya oili, nyepesi, sasa wengi mmehamia fostroki, ile isiyochanganywa oili na petroli, inakula mafuta kidogo na haina moshi, nzuri, lakini kwa nguvu ile ile ni nzito zaidi, na boti ni ile ile ya zamani. Mkokoteni ukipakiwa mzigo wote nyuma mikono inapaa hewani, hilo hakuna asiyelijua hapa, na hakuna anayekwenda dukani kununua bawa la mkokoteni, anahamisha mzigo.

Basi tukahamisha. Madumu katikati chini ya benchi, nanga omo, barafu katikati, msaidizi nikamwambia kaa mbele uangalie watu majini ndo kazi yako, pini tukaisogeza ndani matundu mawili, mapezi tukayafungua. Tukatoka. Boti imelala sawa, hairuki, mashine nyepesi mkononi. Kijana akanuna, kwa sababu pesa imeshakwenda na kwenye bamba la mashine yake, pale mapezi yanapofungwa, kuna matundu manne, na fundi aliyetoboa hakupaka hata rangi, aluminiamu imeshaanza kuliwa na chumvi. Mimi hadithi hii nawaambia kila mahali na watu wanasema shehe unairudia. Nairudia kwa sababu kila nikipita pwani madumu yako nyuma!

Sasa najua kuna mtu anasema moyoni, mafuta nikiweka katikati wageni wananusa harufu. Funga vifuniko vizuri, badilisha raba za vifuniko, dumu linalonuka linavuja na halitakiwi kwenye boti ya abiria popote pale liwe nyuma au mbele. Mwingine anasema mpira wa mafuta haufiki. Nunua mrefu zaidi, mpira wa mafuta hasa, si mpira wa maji wa bustani, ufunge pembeni watu wasiukanyage, lile tunguu la kubonyeza kuvuta mafuta libaki karibu na mashine. Ni rahisi kuliko mapezi.

Pini. Pini ikiwa tundu la ndani, karibu na ubao wa mashine, ule wa tezi unaofungiwa mashine, mashine inaingia chini ya boti na omo inashuka. Ukiitoa nje omo inapanda. Boti ikiruka ruka, mara nyingi pini iko nje sana, irudishe ndani tundu moja ujaribu, tundu moja moja, si kutoka mwanzo mpaka mwisho kwa mkupuo. Na ujaribu na mzigo wa kweli, watu na mafuta, si boti tupu na wewe na mdogo wako.

Kimo cha mashine ndo kitu ambacho hampimi kabisa. Mashine zinakuja na miguu ya urefu tofauti, kuna za inchi 15, inchi 20 na inchi 25, na ubao wa boti unatakiwa ufanane na mguu. Mtu anapata mashine ya mguu mrefu kwa bei nzuri anaifunga kwenye ubao mfupi, propela iko chini kabisa, bamba limezama. Chukua ubao ulionyooka, uweke chini ya tumbo la boti utokeze nyuma mpaka kwenye mashine. Lile bamba bapa juu ya propela liwe sawa na tumbo la boti au juu yake inchi moja hivi, ukianzia hapo hupotei. Nyie wenye boti za mbao ambazo mkuku, ule mti wa chini ya tumbo la boti, unafika mpaka tezi, mkuku unachafua maji yanayofika kwenye propela, kwa hiyo nyie bamba lishuke kidogo, au fundi seremala auchonge ule mkuku uishie taratibu kabla ya kufika nyuma. Na wenye madau na mitumbwi ya tezi ya mviringo msininunulie mapezi jamani, boti hizo hazipandi maji, zinakwenda ndani ya maji. Boti ya namna hiyo yenye futi 25 kwenye maji inaishia spidi ya noti, yaani maili za baharini kwa saa, kama 6 na nusu hivi, ukizidisha moto unachimba shimo la maji nyuma na kuchoma petroli.

Kimo kina uhusiano gani na mapezi? Bamba likiwa kimo sawa, boti ikishapanda mapezi yanatoka juu ya maji au yanagusa gusa tu, yamemaliza kazi yake hayakusumbui. Mashine ikiwa chini sana, mapezi yanabaki ndani ya maji kwa spidi yote, yanavuta nyuma, yanamwaga maji, na mafuta uliyotaka kuokoa yanakwenda. Kwa hiyo anayesema yamemuongezea spidi na anayesema yamempunguzia wote wanasema kweli, muulizeni kila mmoja mashine yake iko kimo gani.

Halafu kuna vijana wananionyesha video za boti zinapaa juu ya maji kabisa kwa mabawa. Hiyo ni kitu kingine na si ya jana. Muitaliano Enrico Forlanini alijaribu yake mwaka 1906 kwenye ziwa Maggiore, na Alexander Graham Bell yule wa simu, yeye na wenzake kule Kanada mwaka 1919 boti yao ya mabawa ilifika kilomita 114 kwa saa. Yale yanabeba boti nzima. Haya ya plastiki yanasukuma tezi juu kidogo basi. Na wanaosema mbona Marekani kila mtu anafunga, Marekani wengi wako kwenye maziwa na mito, hawana kusi, ule msimu wa upepo wa kusini.

Na kusi ndo ninapotaka mnisikilize kuliko pote leo. Unarudi nyumbani kutoka kusini, upepo uko nyuma, wimbi liko nyuma. Wimbi linanyanyua tezi lenyewe, na wewe umefunga mapezi kazi yake ni kunyanyua tezi. Pini iko ndani, abiria umewakalisha mbele. Omo inachimba mgongo wa wimbi la mbele, inashika maji, tezi inataka kupita upande, boti inageuka ubavu kwa wimbi. Hapo hakuna mchezo, hapo watu wanakufa. Mwenye mapezi msimu wa kusi punguza moto, usishuke wimbi kwa spidi, kaa nyuma ya wimbi ulifuate, abiria warudi nyuma kidogo, pini itoke nje tundu moja kabla hujatoka si katikati ya bahari. Asiyetaka kufanya hivyo afungue mapezi ayaweke ndani mpaka kaskazi. Kaka pale nyuma unatikisa kichwa, wewe una mazoea na bahari, sawa, lakini abiria wako hawana.

Muda unaniishia, haya mengine haraka haraka. Mkishahamisha mzigo, pini, kimo, na boti bado nzito nyuma, basi fungeni. Zipo aina za kubana bila kutoboa, anzeni na hizo mjaribu. Ukitoboa, boliti na nati za stenles, washa pana, paka rangi kila tundu kabla ya kufunga, gundi ya baharini, usikaze mpaka plastiki ipasuke, kagua kila wiki mana zinalegea. Usizibe matundu ya mashine ya kunyonyea maji. Zinki, kile kipande kinacholiwa na chumvi badala ya mashine, usiipake rangi hata siku moja. Mashine ikiwa bado na garantii muulize muuzaji kabla hujatoboa. Boti ikivuta upande mmoja mapezi hayatibu, kuna kile kipezi kidogo chini ya bamba kwa mashine zilizo nacho, boti ikivuta kulia mkia wake ugeuze kulia kidogo. Propela ya mapanga manne nayo inanyanyua tezi, na haitobolewi kitu, nilitaka kuieleza vizuri lakini basi, aniulize anayetaka. Ile kamba ya kuzimia mashine ifungwe mkononi kwa nahodha, si kuning'inizwa kwenye mashine.

Maji yanakupwa sasa, boti zimekaa mchangani. Tushuke, mtu alete ubao ulionyooka na futi, tunaanza na ile ya kijani yenye madumu matano nyuma.