Pembeni Pana Nani? Baiskeli, Gari na Miguu Barabara za Mwanza

REHEMA: Mwadila, Mwanza! Na ninyi mnaotusikiliza kutoka Magu, Sengerema na Ukerewe, mwadila. Mimi ni Rehema, naendesha kigari changu kidogo, na leo naona nimeitwa kushtakiwa.

KULWA: Nani kakushtaki, dada?

REHEMA: Wewe. Umeingia studio umejaa vumbi, mguu mmoja wa suruali umekunjwa. Hiyo tayari ni hati ya mashtaka.

KULWA: (anacheka) Suruali inakunjwa isiliwe na cheni. Wasikilizaji, mimi ni Kulwa. Tangu mwezi wa tatu nakuja kazini kwa baiskeli, Nyakato mpaka mjini, Barabara ya Nyerere yote. Na si mazoezi, nieleweke. Nauli ya kila siku na kukaa kwenye foleni vilinishinda.

REHEMA: Hebu simulia ile ya Jumanne.

KULWA: Jumanne asubuhi, foleni imesimama. Mimi niko pembeni kabisa, kushoto, nakanyaga zangu. Nyuma yangu haisi ikaamua kutanua. Konda anapiga bodi, "We baiskeli, pisha!" Nipishe niende wapi? Kushoto mtaro. Mbele yangu anakuja mama, ndoo ya dagaa kichwani, anatembea upande huohuo akinielekea. Tukawa watatu kwenye kipande ambacho hata wawili ni wengi.

REHEMA: Nani alitoka?

KULWA: Mama. Alirudi nyuma hatua mbili hadi ukingoni mwa mtaro, ndoo haikutikisika. Halafu akanigeukia mimi, si haisi. "Baba, kengele yako iko wapi?"

REHEMA: Na alikuwa na haki!

KULWA: Alikuwa nayo. Sina kengele. Lakini ona lilivyo fumbo. Shuleni tulifundishwa mwenda kwa miguu apite kulia ili ayaone magari yanayomjia. Baiskeli ipite kushoto, pamoja na magari. Sasa kushoto kwangu ndiko kulia kwake. Sheria yenyewe ndiyo inatukutanisha uso kwa uso, na njia ya kutosha hakuna.

REHEMA: Sikuwahi kuliona hilo.

KULWA: Na anayeiona gari ni yeye. Mimi nimeipa mgongo. Nikitoka barabarani kumpisha yeye, natoka bila kujua kinachokuja. Ndiyo maana waendesha baiskeli wengi hawatoki, na watu wanasema tuna kiburi.

REHEMA: Basi na mimi nikiri yangu. Mwaka jana, njia ya Buhongwa. Mzee ana baiskeli, magunia mawili ya mkaa, anapanda mwinuko. Anayumba, mara huku, mara kule, katikati ya njia yangu. Nikasema huyu kalewa. Nikampigia honi, ile ndefu. Akashtuka, akaingia pembeni kwenye mchanga, akaanguka. Mkaa ukamwagika.

KULWA: Ukasimama?

REHEMA: ... Sikusimama. Nilimtazama kwenye kioo mpaka akainuka, nikaenda.

KULWA: Mh.

REHEMA: Usigunegune... sema tu.

KULWA: Hakulewa, dada. Baiskeli inasimama kwa sababu inakwenda. Ikipunguza mwendo, mwenye nayo inabidi aupinde usukani huku na huku ili asianguke. Mpandishe kilima na mzigo, lazima ayumbe. Akitaka kunyooka aongeze mwendo, na pumzi za kuongeza mwendo hana. Kwa hiyo anayeyumba ndiye anayehitaji nafasi zaidi, na ndiye tunayemwonyesha hasira.

REHEMA: Na kwa nini asikae pembeni kabisa?

KULWA: Umeshajibu mwenyewe: mchanga. Mji wetu ni wa milima na mawe. Mvua ikinyesha, maji yanashuka na mchanga na kokoto, yanaacha pale pembeni ya lami. Tairi yako wewe haisikii. Tairi nyembamba yenye kilo mia ya mkaa ikiingia pale, inateleza. Mzee alikuwa anaukwepa.

REHEMA: Kumbe.

KULWA: Na wale vijana wanaotoka sokoni Mwaloni alfajiri na boksi la samaki kwenye karia? Barafu inayeyuka, maji yanachuruzika kwenye rimu ya nyuma. Breki za baiskeli zile ni mpira unaobana chuma. Chuma kikilowa, unabana lakini inaendelea kwenda. Usimkatie mbele yule ukadhani atasimama.

REHEMA: Sasa niruhusu nitetee upande wangu, maana naona leo dereva ni shetani. Gari ikienda kilomita 50 kwa saa, yaani mwendo unaoruhusiwa mjini, inakula karibu mita 14 kila sekunde. Ile sekunde moja ya kushtuka tu, kabla mguu haujagusa breki, mita 14 zimeshakwenda. Mtu anayejitosa barabarani akiangalia simu simwezi, hata niwe malaika.

KULWA: Hilo nakubali. Ila wewe mita zako 14 umekaa ndani ya bati. Shirika la Afya Duniani, kwenye ripoti yake ya 2023, lilisema watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani, na zaidi ya nusu ni wa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki.

REHEMA: Na wa miguu nao tuwaseme. Pale Furahisha kuna daraja la waenda kwa miguu, zuri kabisa. Mtu yuko chini yake, anakimbia katikati ya magari!

KULWA: Wewe umewahi kulipanda na mzigo?

REHEMA: Nimelipanda kupiga picha ya ziwa.

KULWA: (anacheka) Mwulize aliyebeba ndoo. Apande juu, ashuke tena, ili gari lisipunguze mwendo. Mimi nilishapita chini, sijivunii.

REHEMA: Na bodaboda wanaopanda njia ya waenda kwa miguu?

KULWA: Hao sina la kuwatetea. Mwishoni mwa 2021 wamachinga walipoondolewa kandokando ya barabara, watu wa miguu wakashusha pumzi. Haukupita muda, pikipiki hizo.

REHEMA: Kinachonishangaza, Kanda ya Ziwa baiskeli si mgeni. Mjini tuna Barabara ya Pamba, na pesa za pamba ndizo zilizowanunulia babu zetu baiskeli. Wangapi walipelekwa kliniki kwenye karia? Shinyanga baiskeli zimebeba abiria miaka na miaka. Halafu barabara ikitanuliwa, baiskeli inaachiwa mstari mweupe na mtaro.

KULWA: Na kwenye huo mstari mweupe haisi inashusha abiria.

REHEMA: Tuishie hapo kwa leo, giza linaingia. Mtutumie sauti zenu, hasa makonda, msiogope. Kulwa, unarudi Nyakato sasa hivi?

KULWA: Sasa hivi.

REHEMA: Taa unayo?

KULWA: Ya simu.

REHEMA: Ya simu! Reflekta ya nyuma?

KULWA: Ilidondoka. Huko Mabatini, nadhani.

REHEMA: Yaani saa nzima unanihukumu, kengele huna, taa huna, reflekta huna! Leta hiyo baiskeli tuiweke kwenye buti.

KULWA: Haiingii, dada, nilishapima.

REHEMA: Ulipima lini?

KULWA: Wakati unapaki.

REHEMA: Mlinzi ana kamba. Kaiombe.