Hataza Ngapi Mwaloni?

Mwangaluka. Naona wengine mmeitikia, wengine mmenyamaza. Hao najua wametoka Dar.

Mwenyekiti amekwisha kuwasomea takwimu za hataza, zile hati za kulinda uvumbuzi, nchi kwa nchi, kana kwamba ni matokeo ya kidato cha nne: fulani wa kwanza, fulani wa pili, sisi mkiani. Mlionisikia siku nyingine mnajua nitasema nini: idadi ya hataza si kipimo cha ubunifu. Nivumilieni.

Tuteremke Mwaloni, soko la samaki hapo Kirumba, Mwanza. Usiku wa giza, mwezi haupo, ndipo dagaa wanapofuata taa. Zamani ilikuwa karabai, mnaikumbuka: mafuta ya taa, pampu, soksi inayopukutika ukiigusa, kioo kinachopasuka kikirukiwa na maji. Unaipandisha juu ya chelezo, halafu unaomba upepo usije. Siku hizi ni taa za betri. Sasa kuna fundi mmoja, jina lake nalihifadhi, alichukua dumu la njano la mafuta ya kula, akalikata ubavuni, akaweka betri ya pikipiki chini kabisa. Chini! Akili yote iko hapo. Wimbi likilisukuma, dumu linalala, kisha linainuka lenyewe, kama mlevi anayeijua njia ya kwake. Taa iko juu, imefunikwa kwa bilauri ya plastiki, gundi pembeni. Nilimkuta analijaribu ndani ya beseni la kufulia la mkewe, na mwenye beseni amesimama, mikono kiunoni.

Mwezi uliofuata nikaona madumu ya namna hiyo kwa fundi wa pili, kisha wa tatu. La fundi wa nne lilikuwa zuri kuliko la kwanza, maana alikuwa ameweka swichi isiyoingiza maji. Hataza? Sifuri. Kwa jedwali la mwenyekiti, Mwaloni hapakutokea kitu.

Namwona mwanasheria pale nyuma amenuna: kwa nini hakwenda BRELA, kwa wakala wa serikali anayesajili hataza? Haya. Hataza inataka kitu kiwe kipya duniani, kiwe na hatua ya uvumbuzi, na kifae viwandani. Kikishauzwa ufukweni, upya umekwisha. Ziko nchi zinazotoa miezi kadhaa ya msamaha, uombe hata baada ya kuuza, sawa, lakini na tuseme ameipata: miaka 20 ya haki ya kufanya nini? Ya kushtaki, kwa gharama yako. Hataza haiji na polisi. Nilimuuliza fundi mwenyewe, akacheka: "Mwalimu, giza linaanza kesho, nina madumu kumi na mawili hayajaungwa."

Mtasema namtukuza fundi wa mtaani ili nidharau maabara. Hata kidogo. Aliyehangaika na dawa mpya miaka kumi anahitaji hataza, nami nitamtetea popote. Ninachokataa ni mtu kuhesabu makaratasi akasema amehesabu akili. Dawa moja yaweza kulindwa kwa hataza chache, simu moja ya mkononi imebeba maelfu. Unazijumlishaje? Ni kama kuhesabu samaki bila kuuliza yupi sangara, yupi dagaa.

Uchina inaongoza dunia kwa maombi ya hataza, zaidi ya milioni moja na nusu kwa mwaka 2023. Wanafanya kazi kubwa, sibishi. Lakini kwa miaka mingi serikali zao za mikoa zilikuwa zikitoa ruzuku ya hataza, na binadamu ukimlipa kwa karatasi atakuletea karatasi. Mwaka 2021 Beijing yenyewe ikaagiza ruzuku hizo ziondolewe zote ifikapo 2025. Wenyewe wameshtuka, sisi ndio kwanza tunakodolea jedwali macho.

Halafu uraia wa hataza. WIPO, shirika la dunia la haki miliki, huihesabu kwa makazi ya mwombaji wa kwanza, na mwombaji mara nyingi ni kampuni. Binti wa Sengerema akivumbua kitu akiwa ameajiriwa Stuttgart, hesabu inakwenda Ujerumani.

Nilikuwa na neno kuhusu ARIPO, shirika la haki miliki la nchi za Afrika, kule Harare, na jingine la vyuo vyetu, lakini naonyeshwa saa. Basi yaacheni. Mnataka kipimo? Hesabuni mitumbwi. Katika mia iliyotoka jana usiku, mingapi imebeba kitu ambacho mwaka juzi hakikuwepo? Tatizo ni kwamba kazi hiyo inataka mtu wa takwimu asimame ufukweni saa kumi na moja alfajiri, na hapo ndipo anapokumbuka kuwa ana kikao.

Haya, wewe kijana uliyenyoosha mkono tangu nilipotaja Uchina.