Tamari, Ruthu na "Mke wa Uria": Wanawake Ndani ya Nasaba ya Yesu

ELIYA: Karibu tena, msikilizaji. Mimi ni Eliya, niko na dada Rehema. Leo tumefungua Mathayo sura ya 1, ile orodha ya majina ambayo wengi wetu tunairuka tukimbilie mstari wa 18, habari za Yusufu na malaika.

REHEMA: Wenzetu Wakatoliki huisoma kwenye misa kila tarehe 17 Desemba, majina yote. Na humo, kaka Eliya, kuna wanawake watano: Tamari, Rahabu, Ruthu, mke wa Uria, na Mariamu. Luka naye ameandika nasaba, sura ya 3, akapanda hadi kwa Adamu, na hakumtaja mwanamke hata mmoja. Kwa hiyo Mathayo hakulazimika kuwataja. Aliamua.

ELIYA: Mahubiri niliyokua nayo yanasema wametajwa kwa sababu walikuwa wenye dhambi, ili tuione neema.

REHEMA: Hapo sikubali, na nasema kwa heshima zote kwa wachungaji wetu. Ruthu alitenda dhambi gani? Alifuatana na mama mkwe wake kutoka Moabu, akaokota masazo ya shayiri wapate kula. Halafu Manase yumo kwenye orodha hiyohiyo, mfalme aliyempitisha mwanawe motoni. Mbona hatusikii mahubiri kwamba Manase ametajwa tuione neema?

ELIYA: Lakini Tamari? Mwanzo 38 ni sura ngumu kuisoma mbele ya watoto.

REHEMA: Ngumu, ndiyo, ila tuisome hadi mwisho. Tamari ameolewa na Eri, mwana wa Yuda, Eri akafa. Akapewa Onani, ndugu yake Eri, naye akafa. Yuda akamwambia, rudi kwa baba yako ukae ujane mpaka mwanangu mdogo Shela akue. Shela akakua, mama wa watu hakuitwa. Hana mume, hana mtoto, na kuolewa kwingine hawezi kwa sababu bado anahesabiwa ni wa nyumba ya Yuda. Ndipo akajifunika utaji, akaketi kando ya njia ya Timna. Yuda akamdhania kahaba. Tamari akadai rehani: muhuri, kamba yake, na fimbo. Fikiria akili ile! Hivyo ni vitu ambavyo kila mtu angejua ni vya nani.

ELIYA: Na miezi mitatu baadaye Yuda anaambiwa mkwewe ana mimba, anatoa amri ateketezwe.

REHEMA: Anatolewa nje akauawe, na hata hapo hapazi sauti kumtaja. Anatuma vile vitu: mwenye vitu hivi ndiye aliyenipa mimba, tafadhali vitambue. Anamwachia Yuda aseme mwenyewe. Naye Yuda akakiri kwamba Tamari ana haki kuliko yeye. Yuda kasema hivyo, sisi tunapata wapi ujasiri wa kumhukumu?

ELIYA: Nami nimeona kitu kwenye Ruthu 4. Boazi anapomtwaa Ruthu, watu langoni pamoja na wazee wanambariki: nyumba yako na iwe kama nyumba ya Peresi, ambaye Tamari alimzalia Yuda. Wanamtaja Tamari hadharani, kwenye baraka ya ndoa!

REHEMA: Bethlehemu hawakumwonea aibu. Ni bibi yao. Na mtoto alipozaliwa, majirani wanawake ndio waliompa jina Obedi, wakamwambia Naomi kwamba mkwe huyu anamfaa kuliko watoto saba wa kiume. Obedi huyo ndiye babu yake Daudi.

ELIYA: Sasa Bathsheba, yule mke wa Uria aliyetwaliwa na mfalme Daudi. Mathayo hata jina hakumpa. Mimi hilo linaniuma.

REHEMA: Linauma, na lina haki ya kuuma. Lakini ona jina lililobaki: Uria, askari Mhiti ambaye Daudi aliagiza awekwe mbele penye vita vikali ili afe. Nabii Nathani alipokuja na ule mfano wa mwana-kondoo, aliyeambiwa "wewe ndiwe mtu huyo" alikuwa Daudi. Mathayo ameandika nasaba ya mfalme na hakumruhusu mfalme asahauliwe alichokifanya.

ELIYA: Na Sara, Rebeka, Lea? Lea ndiye mama yake Yuda, hayumo.

REHEMA: Wale hakuna ambaye angewasahau. Rahabu wa Yeriko je? Kitabu cha Yoshua kinasema alikaa kati ya Israeli, lakini kwamba alimzalia Salmoni mtoto aitwaye Boazi, ni Mathayo pekee anayetuambia. Kisha mnyororo wa baba kumzaa mwana unafika kwa Yusufu na kukatika. Yusufu anatajwa kama mumewe Mariamu, na Yesu anazaliwa na Mariamu.

ELIYA: Wiki ijayo tuna binti watano wa Selofehadi, waliosimama mbele ya Musa na kusanyiko lote kudai urithi wa baba yao. Someni Hesabu 27 na pia 36, maana ile ya 36 inawawekea sharti la ndoa, na mimi na dada Rehema hatujakubaliana juu yake.

REHEMA: Bado kabisa. Njooni mtusikie.