Sindano Ifundishwe Mwisho

Wakufunzi wenzangu, nimeombwa nizungumzie namna ya kumwandaa mtumishi wa afya anayekwenda kuchukua damu kwa mara ya kwanza. Naanza na jambo ambalo najua baadhi yenu mtalipinga: tunamkabidhi mwanafunzi sindano mapema mno.

Mtazameni macho. Akishaishika sindano, haoni kingine. Mpira wa kuvimbisha mshipa umebana mkono wa mgonjwa dakika tatu, hana habari. Mgonjwa anatoka jasho jembamba na anakaribia kuzimia, hana habari. Kisanduku cha usalama, cha kutupia sindano zilizotumika, kiko ng'ambo ya chumba, naye anakikumbuka wakati sindano imeshatoka, imelowa damu, na mkono wa pili umekandamiza pamba. Hapo ndipo watu wanapojichoma, au wanapojaribu kurudishia kifuniko, jambo tunalolikataza kila siku na bado linafanyika.

Kwa hiyo mimi hufundisha kwanza kila kinachoizunguka sindano, mpaka mikono iifanye kazi hiyo bila kuamriwa. Kisanduku kiwe mahali mkono unapofika bila kunyanyuka, na kisijazwe kupita robo tatu. Mgonjwa aulizwe: "Jina lako nani? Umezaliwa lini?" Asiulizwe: "Wewe ndiye fulani?" Mwenye homa au wasiwasi huitikia jina lolote. Vichupa viandikwe jina hapo hapo, mgonjwa akiwa bado mbele yako, damu ikishaingia. Kichupa kilichoandikwa mapema huponyoka kikaishia kwa mgonjwa wa kitanda cha jirani, na maabara haiwezi kuligundua kosa hilo kwa kukitazama.

Mpira ufungwe vidole vinne au vitano juu ya mahali pa kuchoma, na usizidi dakika moja. Ukikawia, maji ya damu huvuja nje ya mshipa, na protini zinazobaki zinaonekana nyingi kuliko zilivyo. Na tuache kumwambia mgonjwa akunje na kukunjua ngumi mfululizo. Potasiamu hupanda kwa uongo.

Kusafisha ngozi ndiko ninakogombana na wanafunzi zaidi. Spiriti ya asilimia 70, sekunde 30 za kusugua, sekunde 30 za kuacha pakauke. Ni dakika moja tu, lakini kwa anayetetemeka ni kama saa nzima, basi anapuliza, anapepea, halafu anapagusa tena kwa kidole "kuhakikisha mshipa upo". Akigusa, kazi ya usafi imeharibika na aanze upya, hata kama foleni inamtazama. Glavu hailitatui hilo.

Mpangilio wa kujaza vichupa, kwa rangi za vifuniko vyake, nitaupitia haraka: vya kuotesha vimelea kwanza, kisha bluu, nyekundu au njano, kijani, zambarau, na kijivu mwisho. Mwanafunzi hukariri rangi akasahau baada ya wiki. Mweleze sababu moja tu: kichupa cha zambarau kina chumvi ya potasiamu inayonasa kalisi. Kikitangulia, chembe ya dawa yake ikaingia kichupa kinachofuata, daktari ataletewa potasiamu ya juu na kalisi ya chini, aanze kumtibu mtu ugonjwa asio nao.

Sasa sindano yenyewe. Mshipa utafutwe kwa kidole kabla ya jicho: unabonyea na kurudi. Kinachodunda ni ateri, kiachwe. Mshipa wa katikati ya kunjo la kiwiko ndio wa kuanzia. Ule wa upande wa ndani una ateri na neva jirani, usiwe wa mwanagenzi. Ngozi ivutwe chini kidogo, mdomo wa sindano utazame juu, pembe isizidi nyuzi 30. Mpira ufunguliwe kabla sindano haijatoka. Mgonjwa akisema anasikia kama umeme umekwenda vidoleni, sindano itoke mara moja, bila mjadala.

Mkono wa bandia ni mzuri kwa kuzoea hatua hizi, ila haushtuki wala haulalamiki. Mgonjwa wa kwanza awe mwenye mishipa ya wazi, aambiwe ukweli kwamba anayemhudumia anajifunza na mkufunzi yupo, na akikataa asibembelezwe. Majaribio mawili, basi, mwingine apokee. Idadi hiyo itajwe kabla ya kuanza, maana aliyekosa mara mbili hutaka sana ya tatu.

Kuna jambo tunalolisahau kwenye ratiba: chanjo ya homa ya ini aina ya B. Asiyechanjwa akichomwa na sindano iliyotoka kwa mwenye virusi hivyo, hatari ya kuambukizwa inaweza kufika asilimia 30. Kwa VVU ni kama asilimia 0.3. Chanjo itangulie mafunzo. Akijichoma, aoshe kwa maji yanayotiririka na sabuni, asikamue jeraha, atoe taarifa saa ile ile, kwa sababu dawa za kinga dhidi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora. Mwanafunzi anayemwogopa mkufunzi wake huficha. Hilo ni letu.

Mmeniuliza huwa nasaini lini fomu ya umahiri. Sisaini kwa kuhesabu waliochomwa vizuri tu. Nasubiri nimwone amekosa mshipa, ametoa sindano, ameitupa panapostahili, amemwomba mgonjwa radhi na kumwita mwenzake.